Mkono wa Papa Hubert kwenye Boti

Kila Jumanne na kila Jumamosi, boti za Isangi na Basoko zinapoingia Kisangani, Naomie Lifoko hushuka mtoni kusoma. Hashiki kitabu. Anasoma boti. Anaanza na zile zilizofungwa karibu, anasogea kando ya maji akiruka kamba na vikapu vya samaki wa moshi, akikwepa mabega ya wapagazi wanaoshusha magunia ya mkaa, na macho yake hayatoki kwenye ubavu wa mbao, pale jina la boti lilipoandikwa. Mwanzoni wapagazi walidhani anamsubiri mchumba, wakamtania kwa Lingala mpaka wakachoka wenyewe. Baadaye wakawa wanamwita yaya, yaani dada, na kumwambia tu, "Leo haiko, yaya. Ngojea Samedi."

Alichokuwa anatafuta ni A. Si A yoyote, maana A zimejaa mtoni kama nzi. Alitafuta A ambayo kijiti chake cha katikati hakikulala sawa, bali kinashuka upande wa kulia, kama mtu aliyekalia kiti kilichovunjika mguu mmoja. Ukiiona A hiyo, ujue aliyeiandika ni Hubert Lifoko, baba yake Naomie. Na ujue aliiandika zaidi ya miaka minne iliyopita, kwa sababu tangu wakati huo Hubert yuko gerezani.

Hubert ni mtu wa Yanonge, mtoto wa mto, na kazi yake ilikuwa kuandika majina kwenye boti. Aliandika pia vibao vya maduka na vya vinyozi, lakini hivyo alivihesabu kuwa kazi ya kununulia chumvi. Boti ndiyo ilikuwa kazi. Na katika kazi hiyo alikuwa na ukaidi wake ambao mafundi wengine waliucheka: hakukubali kuandika jina boti ikiwa nchi kavu.

"Boti juu ya muchanga inadanganya," alikuwa akisema. "Unaona mubavu mukubwa, unaandika chini, unajisifu. Siku watapakia mizigo, jina inakunywa maji. Boti unaiandika yenyewe iko ndani ya maji, unaona namna inakaa."

Kwa hiyo alisimama kwenye pirogi, mtumbwi mdogo uliolazwa ubavuni mwa boti, brashi mkononi, kopo la rangi kati ya miguu. Na kwa kuwa pirogi haina adabu, ilibidi mtu akae nyuma na kushika ukingo wa boti kwa mikono miwili ili pirogi isiende zake. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa Naomie. Tangu alipokuwa na miaka saba mpaka alipoanza sekondari, Jumamosi zake zote alizishika boti za watu. Alikuwa anabana shavu kwenye mbao, harufu ya lami puani, macho ameyafumba kwa ajili ya jua, na juu ya kichwa chake baba yake akiitaja kila herufi anapoimaliza. Aliandika kwanza jina zima, A zote zikiwa wazi bila kijiti. Ndipo aliporudi mwanzo na kutia vijiti vyote kwa mpigo mmoja. Vijiti vikiisha, ndipo Naomie aliporuhusiwa kuachia mikono.

Ukaidi wa pili wa Hubert ulikuwa huu: hakufuta jina la zamani kabla hajajua linakwenda wapi. Ukimletea boti yenye jina ubadilishiwe, alikuuliza, "Jina ya zamani inaenda wapi?" Kama umeinunua, ulete karatasi. Kama mwenyewe amefariki, ulete mtoto wa marehemu aseme ndiyo. Watu walimwona msumbufu, lakini walirudi kwake, kwa sababu boti yenye A ile ilijulikana kutoka mbali hata na wasiojua kusoma.

Kanuni hiyo aliivunja mara moja tu. Alikuja mtu asubuhi, ana haraka, na machozi yako tayari. Alisema boti ni ya ndugu yake aliyekufa, na kila anapoliona lile jina moyo unapasuka. Hubert mwenyewe alikuwa amemzika mdogo wake mwaka ule ule. Hakuuliza karatasi. Alifuta, akaandika jina jipya, wakaagana kama ndugu. Boti ilikuwa imeibwa. Ilipokamatwa, yule wa machozi alikwisha kupotea, na aliyebaki kujibu alikuwa mtu ambaye A yake inajulikana na mto mzima. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Kilichomla Hubert kilikuwa kwenye brashi yake.

Miaka minne sasa, kesi inahama kutoka tarehe hadi tarehe. Mama Pélagie, mke wake, anapeleka chakula kila Alhamisi na kila Jumapili: lituma, yaani ndizi za kupondwa, na samaki akipatikana, ndani ya sufuria iliyofungwa kwa kipande cha kitenge. Sufuria inaingia imejaa, inatoka tupu, na hiyo ndiyo barua yao. Sufuria tupu maana yake mzee yuko, anakula.

Lakini watoto, hapana. Hilo Hubert alilikataa tangu wiki ya kwanza. Naomie, wakati huo ana miaka kumi na mitano, alimfuata mama yake mpaka mlangoni akiwa na sare ya shule, nguo safi kuliko zote alizokuwa nazo. Likatoka neno kutoka ndani: kama mtoto yuko hapo, yeye hatoki, na chakula hali. Walisimama juani karibu saa nzima wakidhani ni utani. Mwishowe Mama Pélagie akajitwika sufuria ikiwa bado nzito, wakarudi nyumbani kwa miguu. Naomie hakwenda tena. Aliumia, na aliendelea kuumia kila Alhamisi na kila Jumapili, akimwona mama yake akifunga kile kitenge. Alitaka kumwona baba yake. Hakuwa na shida nyingine kubwa kuliko hiyo, na huyo baba ndiye aliyekataa.

Mwaka huu, akiwa na miaka kumi na tisa, rafiki yake Arthur alimvuta kwenye atelye, yaani karakana ya sanaa, ya Dominique. Dominique ni mchoraji, hajafika hata miaka thelathini, na kila Jumatano mchana anapewa ukumbi wa parokia kwa ajili ya vijana wenye mtu gerezani. Yeye mwenyewe baba yake alifungwa alipokuwa mdogo, na hapendi kulieleza sana jambo hilo. Anasema tu, "Humu ndani hakuna mutu atakuuliza sababu gani."

Walikuwa vijana wanane. Kazi ilikuwa moja: kila mtu afanye kitu juu ya mtu wake aliye ndani, na mwisho wa Agosti familia zialikwe kuja kutazama. Arthur, ambaye kaka yake alikuwa na miaka miwili ndani, alichora kitanda kitupu mara ishirini, kila mara blanketi limekunjwa tofauti. Chimène alikuwa anashona gauni moja kutokana na vitenge vyote alivyoviacha mama yake nyumbani. Naomie akasema atachora uso wa baba.

Akachora macho. Akachora ndevu. Alipofika kwenye pua, mkono ukasimama. Hakuikumbuka. Alijaribu pua nyembamba, alijaribu pana, alifuta mpaka karatasi ikatoboka, na kupitia lile tundu akaiona meza. Picha za nyumbani hazikusaidia, maana Hubert alikuwa mtu wa kupiga wengine picha, na pale alipotokea alikuwa mdogo, mbali, kofia usoni. Naomie aliinama akalia kwa aibu, kwa sababu mtoto gani anayesahau pua ya baba yake?

Dominique akavuta kiti. "Bon. Sura imekukimbia. Nini imebakia?"

Naomie alifikiri kidogo. "Mukono yake," akasema. "Namna ya kuandika."

"Alors, enda ukatafute mukono."

Akamfundisha namna ya kuutafuta: ubandike karatasi juu ya herufi, uipake mkaa kwa ubavu, na kama rangi ni nene herufi itatoka yenyewe. Rangi ya Hubert ilikuwa nene, alipaka mara tatu. Naomie akaanza kushuka mtoni.

Sasa, boti ya mbao si kanisa. Inaoza, inavunjwa, inauzwa, mbao zake zinaishia chini ya vyungu vya wapishi. Kwa miezi mitano Naomie alipata ubao mmoja wenye MUNGU IK, na hapo hapana A hata moja. Akapata boti nyingine ambayo mwenyewe amekwisha kuipaka bluu yote. Asiyekuwepo na lake halipo: Hubert hajafa, yuko mwendo wa nusu saa kwa baiskeli, na mto umekwisha kuanza kumsahau. Jambo hilo lilimtisha Naomie kuliko lile la pua.

Halafu, Jumamosi moja, mpagazi akampigia mluzi kutoka mbali. "Yaya! Kuja ona yako!"

Ilikuwa imekuja kutoka Basoko, imekaa juu majini kwa sababu imekwisha kupakuliwa. BARAKA YA MAMA. Rangi imepauka, B imeliwa nusu, lakini A zote sita zilikuwepo, na sita zote vijiti vyake vinashuka kulia. Naomie alisimama kwenye matope akaisoma kwa sauti, herufi moja moja, kama alivyokuwa akiisikia utotoni.

Mwenye boti alikuwa Papa Mohamadi, mtu wa Maniema, mfanyabiashara wa mchele na mawese, kofia yake nyeupe haijawahi kuonekana na doa. Alimtazama msichana, kisha akatazama alichokuwa anakitazama.

"Uko mutoto ya Hubert," akasema. "Wewe ndio kale katoto kalikuwa kanashika pirogi?"

"Ndiyo, papa."

"Asante Mungu. Na yeye iko namna gani?"

"Iko. Anakula."

Papa Mohamadi akatikisa kichwa. Akamweleza kwamba boti inavutwa nchi kavu wiki hii, mafundi wazibe nyufa, na baada ya hapo kuna kijana mwenye pochoir, herufi zilizokatwa kwenye karatasi ngumu, atakuja kuandika jina upya, kwa sababu sasa limekuwa baya. Naomie akamsogelea.

"Papa Mohamadi, tafadhali, asiandike yule. Niandike mimi."

Yule mzee akalitazama tena jina. "Damu ni damu," akasema. "Andika."

Mpango wa Naomie ulikuwa mzuri, na ningependa kuwaambia kwamba aliufuata. Kwanza angechukua alama ya herufi za zamani kwenye karatasi, zote, kwa ajili ya maonyesho. Kisha angepita juu ya mistari ya baba yake kwa rangi mpya, mkono wake ndani ya mkono wa baba. Lakini siku ya kwanza mbao zilikuwa na unyevu, karatasi ikachanika. Akasema kesho. Kesho ikawa mvua. Keshokutwa mafundi wakamwambia boti inarudi majini jioni ile ile, kwa hiyo kama anaandika aandike. Haraka haraka haina baraka, na msemo huo hakuna asiyeujua, lakini nani aliyewahi kuukumbuka akiwa na haraka?

Akapiga magoti kwenye mchanga. Akaanza na B, akafuata R na K, akaacha A wazi kama alivyofundishwa. Mkono wake ulikuwa mzuri. Dominique alikuwa amemzoesha rula. Ndipo akarudi mwanzo kutia vijiti, na hapo, uso wake ukiwa karibu kabisa na kile kijiti cha kwanza kilichopauka, hasira ikampanda. Ni hiki. Ndicho kilichomtaja baba yake mbele ya watu. Kama A za Hubert zingekuwa zimenyooka kama A za watu wengine, nani angejua ni yeye? Angekuwa nyumbani. Angekuwa amemwona akimaliza shule. Naomie alichukua rula, akakifuta kijiti cha kwanza, akakinyoosha. Akanyoosha cha pili. Alikuwa anasema kwa meno, "Lala sawa, wewe, lala sawa," mpaka zote sita zikalala sawa. Arthur, aliyekuja kumwona, alipiga picha kwa simu yake, na kwenye picha hiyo Naomie anacheka kweli kweli, mashavu yana rangi.

Jioni wakaisukuma boti majini. Papa Mohamadi akaja, akasimama mikono nyuma, akasoma. Alisoma kwa muda mrefu kwa jina fupi kama lile.

"Jina ni safi," akasema. "Umenyoosha muzuri. Lakini mama, hii boti iko ya nani?"

"Yako, papa."

"Yangu watu ya Basoko walikuwa wanaiona kule, kabla ya kusoma, wanasema ile ni ya Mohamadi, ile A ya Hubert. Sasa hii…" Hakumaliza. Hakuwa mtu wa kumvunja mtoto moyo. Akamshukuru, akaenda kusimamia magunia yake.

Na magunia yalipopakiwa, boti ikazidi kushuka, ikashuka, mpaka miguu ya herufi zote ikawa ndani ya maji. Naomie alikuwa ameandika nchi kavu. Jina lilikuwa linakunywa maji, kama baba yake alivyosema.

Hapo ndipo alipoelewa alichokifanya. Miezi mitano ametafuta mkono wa baba yake, ameupata, na ameufunika kwa mkono wake mwenyewe. Hata alama moja ya mkaa hakuichukua. Amefuta jina bila kuuliza la zamani linakwenda wapi. Akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa akalia mpaka mmoja wa wale wapagazi watani akamletea maji ya kunawa uso. Maji yakimwagika hayazoleki, na mto ulikuwa unamwonyesha hivyo bila huruma yoyote.

Dominique alitaka picha ya Arthur iwekwe kwenye maonyesho. "Hii pia ni histoire, ni hadithi yako," akasema. Naomie akakataa. Alisema hakuna mtu atakayeiona kabla ya papa kuiona. Wakaichapisha kwa mpiga picha, na nyuma yake Naomie akaandika kwa kalamu, herufi ndogo:

*Papa, hii ilikuwa boti ya mwisho yenye mukono yako. Niliinyosha juu ya hasira. Nimekufuta. Unisamehe. Naomie.*

Mama Pélagie alisoma, akaguna, akaikunja ndani ya kitenge cha sufuria. Alhamisi mlinzi akaigeuza mara mbili, akaona ni boti, akaipitisha. Sufuria ikarudi tupu. Jumapili ikarudi tupu. Alhamisi nyingine, tupu tena, imeoshwa. Naomie akajua kwamba safari hii baba yake amekasirika kweli, na akajiambia ana haki. Alikuwa anakwenda atelye, anawasaidia wengine kukata karatasi, na ukuta wake unabaki mweupe.

Jumapili ya pili Mama Pélagie aliingia uani, akatua sufuria, na badala ya kwenda kuvua kandambili akasimama. "Soma," akasema. "Mimi nimesoma njia yote."

Ilikuwa picha ile ile. Chini ya maneno ya Naomie, kwa kalamu ya kuazima ambayo wino ulikuwa unakatika, palikuwa na mwandiko alioutafuta miezi mitano. Alitazama kwanza A, kisha ndiyo akasoma.

*Mutoto wangu. Kazi iko safi ila umeiandikia inje ya maji, nitakugombeza siku ingine. Haukunifuta. Ile A haikuwa yangu mimi peke. Ulikuwa mudogo, ulikuwa unashika boti mupaka mikono inachoka, na mimi vijiti nilikuwa naviacha ya mwisho. Kila nikianza kutia kijiti, wewe unalegea, pirogi inalala upande yako, brashi inashuka nayo. Nilicheka, sikunyosha. Na ulipoenda école sekondari, pirogi ikatulia, nikawa naviangusha mwenyewe, juu ya kuzoea. Kuja na mama jeudi. Kuja na ile mikono.*

Naomie alisoma mara tatu. Kisha akaiangalia mikono yake, pande zote mbili, pale uani mbele ya mama yake, kama kitu alichokiazima kwa mtu akasahau kukirudisha.

Alhamisi alivaa nguo safi kuliko zote, tena. Mlangoni mlinzi alipekua karatasi ngumu aliyoibeba, iliyokatwa kwenye boksi la sabuni, akanusa kipande cha mkaa, akacheka, akampitisha. Hubert alitoka. Ndevu zimekuwa nyeupe, kifua kimeingia ndani, na alikuja akitazama chini mpaka alipofika karibu kabisa. Aliponyanyua uso, Naomie akaiona pua. Ilikuwa pua yake yeye mwenyewe. Miezi yote ile angeipata kwenye kioo.

"Umekuwa murefu," Hubert akasema.

"Papa, kwa nini ulinikataza?"

Mama Pélagie alijifanya anatafuta kijiko. "Wewe ulinijua nikiwa nimesimama," Hubert akasema. "Humu tunakaa chini siku muzima. Nilisema, abakie na yule mwenye kusimama. Nilikosea. Naona nilikosea, umeanza kunitafuta kwa mbao ya watu."

Akanyoosha mkono apewe mkaa. Meza haikuwepo. Naomie akaishika ile karatasi ngumu kwa mikono miwili, akainyanyua mpaka usawa wa kifua cha baba yake, na Hubert akasimama mbele yake, miguu akiipanua kidogo kana kwamba chini kuna maji. Akaandika A moja, kubwa. Akatia kijiti.

Kilikwenda sawa sawa, kama kilichopimwa na rula.

Baba na binti wakakitazama. Hubert akakipitisha kidole juu yake, polepole, kidole kikachafuka. "Haichoki tena," akasema, "ile mikono. Na mimi nilikuwa nangojea ilegee." Ile miaka minne, ambayo kila tarehe ya kesi walikuwa wameizungumza kama kitu cha mahakamani, sasa ilikuwa mbele yao kwenye boksi la sabuni: mtoto aliyeachwa amekwisha kuwa mtu mzima, na hakuna aliyemwona akikua. Naomie alitamani, kwa uchungu ambao hakuwahi kuujua, awe na miaka tisa kwa dakika moja tu.

Akageuza karatasi upande wa pili. "Rudia, papa. Andika boti muzima."

Akaibana kwa mikono miwili, akaweka shavu lake kwenye ukingo wake, akafumba macho. Mkaa ukakwaruza. Juu ya kichwa chake sauti ikaanza kutaja, imepungua nguvu lakini ni ile ile: B. A. R. A. K. A. Jina zima mpaka MAMA, A zote sita wazi. Kisha ikanyamaza, na Naomie akajua anarudi mwanzo. Aliposikia kijiti cha kwanza kinaanza, aliulegeza mkono wake wa kulia, kidogo tu, na karatasi ikalala upande wake. Cha pili, akalegeza tena. Akahisi baba yake anatikisika, akicheka au akilia, na hakufumbua macho kuhakikisha.

Hapo mlinzi akagonga chuma: muda umekwisha. Hubert akabaki na mkaa hewani, A nne bado wazi.

"Tutamaliza dimanche," akasema kwa haraka. "Utakuja?"

"Nitakuja."

Jumapili walimkatalia mlangoni; kulikuwa na upekuzi, hakuna aliyeingia. Alhamisi iliyofuata ikawa hivyo hivyo, hata sufuria haikupokelewa, na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya maonyesho. Naomie akaitundika karatasi kama ilivyokuwa, kati ya vitanda vya Arthur na gauni la Chimène. Papa Mohamadi alikuja na kofia yake nyeupe, akaisogelea, na kabla hajaisoma akasema kwa sauti, "Hii ya Hubert." Kisha akasoma, akahesabu kwa kidole. "Mbona iko na vijiti mbili tu? Hizi ingine nne?"

"Iko bado anaandika," Naomie akamjibu. "Ni mimi nashika."